Kulala Timberline Lodge, Mlima Hood: mwongozo kamili wa nyumba, theluji na barabara

Watu wengi wa kwetu wanaoishi Portland, Gresham na Beaverton huuona Mlima Hood kila mawingu yanapoondoka, lakini hawajawahi kulala pale juu. Wanaokwenda huenda kwa siku moja: picha za haraka kwenye maegesho, watoto wanarushiana theluji kwa nusu saa, vidole vinakufa ganzi, kisha safari ya kurudi. Mwongozo huu ni wa anayetaka kulala. Nimeuandika hasa kwa wasomaji walioko Marekani na Kanada, ila hata mgeni anayetoka Dar au Nairobi kumtembelea ndugu yake Oregon atapata humu anachohitaji.

Timberline Lodge ni hoteli ya mawe na magogo upande wa kusini wa Mlima Hood, pale miti inapokaribia kuisha na mlima mtupu unapoanza. Imesimama takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, yaani kimo kile kile cha Nairobi. Tofauti ni kwamba Oregon iko mbali sana kaskazini mwa ikweta, na pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Pasifiki hugonga mlima huo moja kwa moja. Kwa wastani huanguka theluji ya zaidi ya mita 13 kwa mwaka. Kilele chenyewe kina mita 3,429, chini kidogo ya kambi ya Horombo pale Kilimanjaro, lakini mlima huo una barafu mwaka mzima.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: nenda kwa ajili ya nyumba kwanza, skii (mchezo wa kuteleza kwenye theluji) baadaye. Miteremko mizuri ipo mingi Marekani. Nyumba kama hii ni chache mno, na anayekuja kuteleza tu huipita bila kuiona.

Ijue nyumba kabla hujaweka nafasi

Ilijengwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, chini ya WPA, mpango wa serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt wa kuwapa kazi wasiokuwa na ajira. Ujenzi ulianza 1936. Tarehe 28 Septemba 1937 Roosevelt mwenyewe alipanda hadi pale na kuizindua, na wageni walianza kupokewa Februari 1938. Mchoro wa awali ulitokana na Gilbert Stanley Underwood, ambaye alikuwa ameshachora hoteli ya Ahwahnee kule Yosemite. Wasanifu wa Idara ya Misitu wakaukamilisha. Mambo ya ndani yalisimamiwa na Margery Hoffman Smith wa Portland.

Fundi stadi alilipwa senti 90 kwa saa, kibarua wa kawaida senti 55. Lengo la mpango lilikuwa mikono mingi ipate kazi, kwa hiyo karibu kila kitu kilitengenezwa kwa mkono: viti, vitasa, taa, mapazia, mazulia, matandiko. Wahunzi, maseremala, wachongaji na wanawake wafumaji walifanya kazi kwenye karakana, wengine wakijifunza ufundi huo huo wakati wakiufanya. Vifaa vilikuwa haba, basi vya zamani vikapewa kazi mpya. Reli kuukuu zikawa vyuma vya kushikilia kuni mekoni. Minyororo ya matairi ikawa mapazia ya kuzuia cheche. Blanketi na sare zilizochakaa za vijana wa kambi za kazi za serikali zikakatwa vipande na kushonwa mazulia. Nguzo za simu za mwerezi zikachongwa vichwa vya wanyama, zikawekwa kwenye ngazi.

Baada ya vita hoteli iliyumba, na 1955 ilifungwa kwa madeni. Mwaka huo huo Richard Kohnstamm akapewa kibali cha kuiendesha, akaifufua, na kampuni ya familia yake ndiyo inayoiendesha tangu hapo. Mwaka 1977 ilitangazwa kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa. Wakati huo tayari lilikuwepo shirika la Friends of Timberline, lililoanzishwa 1975, ambalo hufuma upya mapazia na mazulia yanapochakaa kwa kufuata mifano ya mwanzo.

Jambo la kushika hapa ni kwamba jengo ni mali ya umma. Mwenye nalo ni serikali kupitia Idara ya Misitu. Kampuni ina kibali tu cha kuliendesha. Kwa hiyo sebule kuu iko wazi kwa yeyote, mwenye chumba na asiye na chumba. Usione haya kuingia na watoto, kukaa karibu na moto na kuangalia kuta. Ikiwa mfuko hauruhusu kulala mwaka huu, hilo bado unaweza kulifanya.

Chagua msimu kulingana na unachotaka

Januari na Februari ndiyo miezi ya theluji nyingi. Nyumba huzikwa hadi madirisha ya chini yakaonyesha ukuta mweupe badala ya mandhari. Anayetaka kuona hoteli ya mlimani katika hali yake kamili aende wakati huo, ila akubali kwamba mlima wenyewe unaweza kujificha siku zote alizolipia. Dhoruba za pale hukaa siku kadhaa, na lifti za juu, yaani viti vinavyoning'inia kwenye kebo kupandisha watelezaji, hufungwa upepo ukizidi.

Machi hadi Mei ndiyo chaguo langu kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza. Theluji bado ni tele, mchana ni mrefu, jua linatoka mara nyingi zaidi, na baridi haiumi kama ya Januari.

Kiangazi nacho kina lake. Lifti ya Palmer hufika takriban mita 2,600, kwenye uwanda wa theluji usioyeyuka upesi, na ndiyo sababu Timberline inajulikana kwa skii ya Juni na Julai, wakati Portland watu wanatafuta feni. Wanaoteleza kiangazi ni wazoefu na timu za mazoezi. Anayeanza hana biashara huko. Lakini mtembea kwa miguu atafurahi. Njia ya Pacific Crest Trail, inayotoka mpaka wa Meksiko hadi mpaka wa Kanada kwa kilomita zaidi ya 4,200, inapita nyuma kabisa ya hoteli. Mwishoni mwa kiangazi utakutana na watembeaji waliokonda, vumbi limewajaa, wameweka mikoba chini wakiuliza chakula kinaandaliwa saa ngapi. Ukifuata njia hiyo kuelekea magharibi, utafika ukingo wa korongo la Zigzag bila kuchoka sana.

Msimu wowote ule, nenda katikati ya wiki. Jumatatu hadi Alhamisi vyumba hushuka bei, sebule hupumua, na maegesho hupatikana. Jumamosi ya Februari pale juu ni foleni mwanzo hadi mwisho. Epuka pia wiki ya Krismasi na wikendi zenye Jumatatu ya mapumziko.

Chumba kipi?

Vyumba ni takriban 70, na tofauti kati yao ni kubwa. Soma maelezo ya kila kimoja, usitazame bei peke yake.

Vyumba vya bei nafuu kabisa vina vitanda vya deka, na choo na bafu viko ukumbini kwa matumizi ya pamoja. Kwa vijana, kwa wanafunzi, na kwa familia iliyozoea kulala watoto wanne chumba kimoja, havina kasoro. Waliosoma bweni hawatashangaa chochote. Ukichukua kimojawapo, beba kandambili na gauni la kuogea au kanga, maana utapita ukumbini.

Vyumba vya kawaida vina bafu lake na ukubwa wa wastani. Huko ndiko utakuta mapazia na matandiko yaliyofumwa kwa mkono, na ukutani picha za rangi za maji za maua ya mlimani, kila chumba na mtindo wake. Juu yake kuna vyumba vyenye meko ya kuni. Ni ghali, lakini kwa fungate au kumbukumbu ya ndoa ningevichagua bila kusita.

Ukipiga simu, uliza mambo haya: dirisha linatazama kilele upande wa kaskazini, au linatazama bonde na Mlima Jefferson upande wa kusini? Chumba kiko ghorofa ambayo theluji hufunika dirisha? Kipo mbali na ngazi kuu? Nyumba ni ya mbao na ya zamani; hatua za mtu wa juu zinasikika, bomba la maji la jirani linasikika. Mwenye usingizi mwepesi abebe vizibo vya masikio.

Kuna pia Silcox Hut, kibanda cha mawe kilichoko juu zaidi, takriban mita 2,100. Kilikuwa kituo cha juu cha lifti ya Magic Mile ilipofunguliwa 1939, mojawapo ya lifti za viti za mwanzo duniani. Siku hizi hukodishwa kwa makundi. Jumuiya au ukoo ukijikusanya, gharama ikigawanywa kwa kichwa huwa si ya kutisha.

Weka nafasi kwa hoteli yenyewe, si kupitia wakala wa mtandaoni. Safari za mlimani huahirishwa kwa dhoruba, na siku hiyo utataka kuzungumza na mtu anayeweza kubadilisha tarehe zako. Soma masharti ya kufuta nafasi kabla hujatoa namba ya kadi. Oregon haina kodi ya mauzo dukani, lakini malazi yana kodi yake, kwa hiyo jumla ya mwisho itazidi bei uliyoiona mwanzo. Chukua usiku mbili kama unaweza. Usiku mmoja unaishia kwenye kufika, kula na kufungasha.

Nguo: mitumba inatosha

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Hakuna haja ya kununua mavazi mapya ya skii kwa safari moja. Maduka ya mitumba ya Portland na miji jirani yamejaa suruali za theluji, makoti na buti za watoto waliokua, hasa kuanzia Septemba kabla wenzako hawajaamka.

Kanuni ni kuvaa tabaka tatu. La kwanza, linalogusa ngozi, liwe la sufu nyepesi au kitambaa cha michezo. La pili liwe sweta au fulana nzito. La tatu liwe koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Kaa mbali na pamba. Fulana ya pamba ikinywa jasho haikauki, na ukisimama kwenye foleni ya lifti itakugandisha. Jinzi ni mbaya zaidi: ukianguka mara mbili imelowa hadi magotini.

Soksi vaa jozi moja tu, ndefu, ya sufu. Wengi huvaa jozi mbili wakidhani watapata joto; matokeo ni buti kubana, damu kushindwa kupita, na miguu kuwa baridi zaidi. Glavu ziwe za ngozi au zisizopitisha maji, na uwe na jozi ya akiba kwa kila mtoto. Kwa akina mama wanaovaa hijabu, ya kitambaa cha michezo inayobana kichwani hukaa vizuri chini ya helmeti. Ya kujifunga kwa pini iache chumbani. Wenye nywele za kusuka wachague mtindo unaolala chini ya kichwa, kwa sababu helmeti haitafungika juu ya fundo.

Usisahau mafuta ya kujikinga na jua na ya midomo. Theluji hurudisha mwanga usoni, na ngozi nyeusi nayo huungua pale juu. Hewa ni kavu, basi kunywa maji hata kama huna kiu. Paka losheni usiku.

Barabara na gari

Kutoka Portland ni kama kilomita 100. Unashika barabara kuu ya 26 kuelekea mashariki, unapita Sandy, unapanda msituni hadi kijiji cha Government Camp, kisha unakata kushoto kwenye barabara ya Timberline, takriban kilomita 10 za kona na mpando. Siku kavu ni saa moja na nusu. Siku ya theluji, weka maradufu.

Kabla ya kuondoka angalia TripCheck, tovuti ya idara ya barabara ya Oregon yenye kamera za moja kwa moja, au piga 511. Kibao cha barabarani kikikutaka ubebe minyororo, ni amri ya sheria. Gari zinazosukumwa na magurudumu yote manne (4WD) mara nyingi huruhusiwa kupita bila kuifunga, lakini lazima ziwe nayo ndani. Wenye gari dogo linalosukumwa na magurudumu mawili tu watakutana na siku ambazo minyororo ni lazima ifungwe. Jifunze kuifunga nyumbani, mchana, mikono ikiwa na joto. Kuifunga kwa mara ya kwanza pembezoni mwa barabara kuu, giza limeingia na malori yanakurushia matope ya theluji, ni adhabu. Anayekodi gari asome mkataba, kwa sababu kampuni nyingi haziruhusu minyororo kwenye magari yao.

Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 30 Aprili, kuegesha kwenye maeneo ya theluji ya Oregon kunahitaji kibali cha Sno-Park. Kipo cha siku moja, cha siku tatu na cha mwaka, nacho huuzwa kwenye ofisi za leseni za magari na maduka ya vifaa vya michezo. Kinunue ukiwa bado bondeni, na uulize hoteli utaratibu wa maegesho ya wanaolala. Ndani ya gari weka blanketi, tochi, maji, kitu cha kutafuna na koleo dogo. Jaza mafuta Sandy.

Asiye na gari asikate tamaa. Kutoka uwanja wa ndege wa Portland panda treni ya MAX mstari mwekundu hadi Gateway, badilisha mstari wa buluu hadi Gresham, chukua basi la SAM hadi Sandy, kisha basi la Mt. Hood Express linalopanda hadi Timberline. Ni safari ya kubadilisha mara nyingi, na mabasi ya mwisho huondoka mapema, kwa hiyo chapisha ratiba na uanze asubuhi. Nauli zote kwa pamoja ni ndogo ukilinganisha na kukodi gari.

Kufika, na saa ya kwanza ndani ya nyumba

Majira ya baridi utaingia kwa handaki. Mlango wa kawaida ukizama kwenye theluji, huwekwa njia iliyoezekwa ambayo unaipita ukiwa na mizigo yako, weupe umekuzunguka pande zote. Ukishatia gari mahali pake, inua vifuta-vioo visigande kwenye kioo. Liache kwenye gia na usivute breki ya mkono, kwa sababu inaweza kuganda.

Ukishapokea ufunguo, usikimbilie chumbani. Panda ngazi polepole na weka kiganja juu ya kila nguzo unayoipita. Kuna dubu, kuna bundi, na wengine wengi, na vichwa vyao vimelainika kwa mikono ya wageni wa zaidi ya miaka 80. Mbao ni nyeusi na inang'aa pale watu wanaposhika, na bado ina alama za patasi kwenye mikunjo ambako kidole hakifiki.

Ngazi zinakufikisha sebule kuu. Ina pembe sita, na katikati yake limesimama dohani kubwa la mawe linalopenya hadi paani, lenye meko sita: matatu ghorofa ya chini, matatu ya juu. Paa linashikiliwa na magogo mazima ya msonobari yaliyochongwa kwa shoka. Simama karibu na gogo moja uangalie alama za shoka, kisha angalia vyuma vilivyobeba kuni mekoni: utatambua umbo la reli. Kwenye baa ya Blue Ox, chini, kuna picha kubwa za vipande vya vioo vya rangi zinazosimulia habari za Paul Bunyan, mkata miti wa hadithi za Kimarekani, na fahali wake wa buluu. Chumba ni kidogo na watu wengi hupita mlangoni bila kuchungulia.

Uliza mapokezi saa za matembezi ya askari wa misitu, ambao huongoza wageni ndani ya jengo bila malipo. Uliza pia habari za mbwa. Ni desturi ya miaka mingi hoteli kufuga mbwa wakubwa aina ya St. Bernard, dume huitwa Bruno na jike Heidi, majina yakirithiwa na wanaofuata.

Kuwa mwangalifu na moto na vitambaa. Aprili 2024 moto uliwaka paani na darini, juu ya sebule kuu. Hakuna aliyeumia, wazima moto waliuwahi, na wageni walirudi baada ya siku chache, lakini ilionekana wazi jinsi nyumba ya mbao inavyoweza kupotea kwa mchana mmoja. Usichezee kuni, usianike glavu mbichi juu ya chuma cha meko, na usivute sigara ndani.

Siku ya kwanza kwenye theluji

Vifaa hukodishwa na masomo huanzia Wy'East Day Lodge, jengo la mchana lililo jirani na hoteli. Fika mapema, kabla ya mabasi. Kama huna uzoefu, lipia somo la kikundi pamoja na vifaa na tiketi ya mteremko wa wanaoanza. Usinunue tiketi ya mlima mzima, hutaitumia. Usikubali rafiki akufundishe, hata kama ni hodari. Mwalimu wa kazi hiyo anajua ni nini cha kukuambia kwanza na nini cha kunyamazia.

Buti ndizo zitakazoamua kama siku yako itakuwa njema. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti mbele, virudi nyuma. Kisigino kisinyanyuke. Likikuuma dukani, litakuua mlimani, basi rudisha na uombe jingine bila aibu. Helmeti kodi pia.

Kujisimamisha ukiteleza ni kutanua skii: ncha za mbele zikaribiane bila kupandana, mikia itanuke nyuma, magoti yaingie ndani kidogo. Kadiri unavyotanua ndivyo unavyopunguza mwendo. Mwili uegemee mbele, kifua kielekee bondeni. Woga hukuvuta kukaa nyuma kama unayetafuta kiti, na ukikaa nyuma huna tena usukani. Ukiona utaanguka, anguka ubavuni upande wa juu wa mteremko, na usiweke mikono nyuma.

Kwenye lifti ya viti, tazama nyuma begani kiti kinapokuja, kaa, inua ncha za skii. Ukifika juu, simama na uachie mteremko ukupeleke mbele, kisha sogea upesi upishe wanaokuja. Wafanyakazi hupunguza mwendo wa lifti ukiwaomba, na wamezoea kuombwa.

Kanuni ya mlimani ni kwamba aliye chini yako ana haki ya njia. Wewe unayetoka juu ndiye unayemwona, basi wewe ndiye wa kumkwepa. Usisimame mahali ambapo wanaoshuka hawakuoni.

Hatari mbili watu hawaambiwi vya kutosha. Kwanza, miti. Chini ya matawi ya msonobari theluji hubaki laini na yenye shimo kuzunguka shina. Mtu akitumbukia kichwa chini hawezi kujitoa. Kaeni kwenye njia zilizosawazishwa, na mtoto asiteleze peke yake kandokando ya msitu. Pili, ukungu. Mlima Hood hufunikwa ghafla hadi usione mkono wako, na anayeshuka kutoka juu akifuata tu mteremko hafiki hotelini: ardhi inamvuta upande wa magharibi, kwenye korongo la Zigzag. Mei 1986 watu 9 wa msafara wa shule walipoteza maisha pale juu katika dhoruba. Hii ndiyo sababu ninasisitiza kwamba usipande kwa miguu juu ya lifti kwa kuwa tu kumepambazuka vizuri. Kilele kinataka vifaa, mwongozaji na siku yake maalumu.

Anayedhani watu wetu hawajaumbwa kwa mchezo huu amtazame Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliyeshindana kwa skii akibeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018. Miaka 20 kabla yake, Philip Boit alikuwa ameshakimbia skii za nyika kule Nagano.

Mliokuja na wazee au mtu asiyetaka kuteleza, msiwaburuze. Sebule, kitabu na dirisha vinawatosha. Viatu vya theluji vya kutembelea, vile vipana, vinakodishwa, na mtu wa miaka 60 hutembea navyo vizuri. Kiangazi, lifti ya Magic Mile hupandisha watu wasio na skii hadi mita 2,100 hivi na kuwarudisha.

Jioni: maji ya moto, chakula, sala

Bwawa la nje na beseni la maji ya moto hufanya kazi hata theluji ikianguka. Nenda saa kumi na moja jioni au baada ya chakula, wakati wa katikati pamejaa. Beba kofia ya sufu uivae ndani ya maji. Kichwa ndicho kinachobaki kwenye baridi. Kutoka majini hadi mlangoni ni hatua chache zenye kuuma, kwa hiyo weka taulo mahali unapofikia.

Chumba kikuu cha kulia kinataka uweke nafasi mapema, na bei zake ni za sherehe. Usiku mmoja huko ni wa haki. Usiku wa pili kaa kwenye baa ya Ram's Head ghorofani, unakotazama chini sebuleni na nje mlimani, ule supu na mkate. Wanaokula halali waandike kwa jikoni siku kadhaa kabla, na siku yenyewe waulize mhudumu kama kuna nyama ya nguruwe au mvinyo kwenye mchuzi, kwa kuwa vyote viwili hutumika sana katika upishi wa aina hii. Samaki na mboga hupatikana. Bakshishi ni ya kawaida kama kwingine Marekani, asilimia 18 hadi 20. Beba chupa ya chai yenye chai ya tangawizi na vitafunio vyako kwa ajili ya chumbani, maana duka la karibu lenye vyakula liko Government Camp.

Kwa wanaosali: kutoka hotelini kibla ni kaskazini, ikielekea mashariki kidogo, na kilele cha mlima kiko karibu upande huo huo. Ukipata chumba kinachotazama mlima, dirisha lenyewe linakuelekeza; hakikisha kwa dira ya simu. Majira ya baridi mchana ni mfupi, adhuhuri na alasiri hukaribiana sana, basi panga somo lako la skii ukizingatia hilo.

Kuondoka

Asubuhi ya mwisho amka kabla ya jua, hata kama si kawaida yako. Mara nyingi ndio wakati mawingu hukaa chini ya hoteli, na Mlima Jefferson hujitokeza peke yake upande wa kusini. Kunywa kahawa sebuleni kabla wageni wa siku hawajafika.

Toa mtu mmoja dakika 30 kabla ya wengine akafukue gari, aliwashe na kukwangua vioo, pamoja na theluji ya paani, ambayo ukiiacha itaporomoka kwenye kioo cha mbele ukifunga breki. Shuka kwa gia ya chini, usiegemee breki, acha nafasi kubwa mbele yako. Kama mlifunga minyororo, endesheni kilomita 50 kwa saa au chini, na muivue kwenye eneo lililotengwa lami ikishaonekana. Mkiwa na muda na barabara ni nzuri, ziwa la Trillium liko karibu na Government Camp. Kiangazi mnafika na gari, majira ya baridi ni kwa viatu vya theluji, na siku isiyo na upepo mlima mzima huonekana ndani ya maji.